Mtafiti Anapofika: Ridhaa ya Mwanachama Haitolewi na Katibu

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Miongoni mwa wageni wanaobisha hodi katika vyama vya msingi, hasa wakati wa kupima mazao ambapo wanachama wengi hukusanyika ghalani, ni watafiti. Huyu ataka kujua sababu za kupungua kwa mavuno ya kahawa. Yule auliza jinsi mikopo ya pembejeo inavyorejeshwa. Mwingine achunguza afya ya wakulima wanaonyunyiza dawa za kuua wadudu. Wote huanzia mahali pamoja, nako ni mezani kwa Katibu. Hapo ndipo yalipo madaftari, na Katibu ndiye awajuaye wanachama kwa majina na vitongoji vyao.

Manufaa ya utafiti hayana ubishi. Miche ya kahawa inayostahimili chulebuni na kutu ya majani ni tunda la utafiti. Kwa hiyo si busara kumfungia mtafiti mlango. Hata hivyo, kumchunguza mtu si sawa na kuchunguza udongo. Udongo hauna deni, hauna aibu, wala hauna jirani atakayeucheka. Mtu anayo yote hayo, na ndiyo sababu utafiti unaohusu binadamu umewekewa miiko yake.

YALIYOWAPATA WAKULIMA WA ALABAMA

Miiko hiyo haikuzuka hivi hivi. Mwaka 1947, huko Nuremberg, Ujerumani, mahakama iliwahukumu madaktari waliowafanyia wafungwa majaribio ya kikatili wakati wa vita. Hukumu hiyo iliweka kanuni iliyo msingi wa nyingine zote: kwamba ridhaa ya hiari ya mtu anayefanyiwa utafiti ni lazima.

Lakini mfano unaowafaa zaidi wanachama wa ushirika ni ule wa wilaya ya Macon katika jimbo la Alabama, Marekani, kwa kuwa waliohusika walikuwa wakulima. Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya nchi hiyo ilianza kuwachunguza wanaume weusi wapatao 600, na 399 kati yao walikuwa na kaswende. Wengi wao walikuwa maskini waliolima pamba katika mashamba ya watu wengine kwa kugawana mavuno. Hawakuambiwa ugonjwa wao. Waliambiwa kwamba wanatibiwa "damu mbaya," kumbe watafiti walitaka kuona jinsi ugonjwa unavyoendelea usipotibiwa. Kufikia mwaka 1947 penisilini ilikuwa dawa ya kawaida ya kaswende, lakini wao hawakupewa. Utafiti huo ulikoma mwaka 1972, baada ya miaka 40, magazeti yalipoufichua. Mwaka 1997 Rais Bill Clinton aliwaomba radhi kwa niaba ya taifa manusura wachache waliosalia.

Yafaa kujiuliza: wakulima wale walipatikanaje? Hawakukamatwa kwa nguvu. Habari zilipelekwa kwao kupitia makanisa na shule zao. Chuo cha Tuskegee, kilichokuwa fahari ya watu weusi, kilikubali hospitali yake itumike. Muuguzi waliyemwamini aliwafuata na kuwasafirisha. Walipewa chakula siku za kupimwa, na waliahidiwa gharama za mazishi. Kwa ufupi, mlango ulifunguliwa na wale walioaminiwa. Hapo ndipo lilipo funzo kwa kila chama chenye heshima mbele ya watu wake.

Baada ya aibu hiyo, Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979 ilitaja nguzo tatu zinazofuatwa hata leo katika nchi nyingi: kumheshimu mtu na uamuzi wake, kumtendea mema na kumwepusha na madhara, na haki, yaani mzigo wa utafiti usibebwe na maskini ilhali manufaa yake yanakwenda kwa wengine.

KIVULI CHA KATIBU

Na ichukuliwe mfano wa mwanachama mwenye deni la pembejeo. Katibu anamleta mtafiti nyumbani kwake na kusema, "Shikamoo Mzee. Huyu ni mgeni wetu kutoka Chuo Kikuu, tunaomba umsaidie kwa maswali yake." Mzee anajibu, "Marahaba, karibuni," na kuagiza viti viletwe. Je, ameridhia?

Huenda ameridhia, huenda amestahi tu. Katibu ndiye ashikaye daftari la madeni, na ndiye atakayeandika orodha ya watakaopata mbolea msimu ujao. Mzee hana njia ya kujua kama aliloambiwa ni ombi au ni amri. Tena si desturi kumfukuza mgeni aliyekwisha kuketi.

Mambo huharibika zaidi maswali yanapoanza. Mtafiti anauliza, "Je, umewahi kumuuzia mlanguzi kahawa ikiwa bado mtini?" Katibu ameketi papo hapo. Jibu litakuwa "hapana," hata kama msimu uliopita mzee huyo aliuza hivyo ili apate karo ya mjukuu. Hasara imekuwa mbili kwa mara moja: mwanachama amenyimwa uhuru wake, na utafiti umepata uongo. Uongo huo ukijumlishwa na wa wengine, ripoti itasema kwamba tatizo halipo, na hakuna atakayepanga mkopo mdogo wa kuwaokoa wanachama miezi ya njaa. Ndiyo maana maadili si urembo wa utafiti. Mtu asiye na uhuru wa kukataa hana pia uhuru wa kusema kweli.

Barua ya chama, basi, ni ya kumruhusu mtafiti kuingia katika eneo la chama. Ruhusa ya kumhoji mwanachama inatoka kwa mwanachama mwenyewe.

UGUMU WA UTEKELEZAJI

Kanuni ni rahisi kuandika, lakini kuzitimiza kijijini kuna ugumu wake.

Kwanza ni sahihi. Watafiti wengi hutaka karatasi ya ridhaa itiwe sahihi au dole gumba. Lakini mkulima aliyewahi kutia dole kwenye hati ya mkopo huogopa dole la pili. Kwa mtu wa namna hiyo, maelezo yasomwe polepole kwa lugha anayoielewa vyema, naye akubali kwa mdomo mbele ya shahidi ambaye si kiongozi wa chama.

Pili ni wanawake. Aghalabu jina lililo katika daftari ni la mume, ilhali mke ndiye apaliliaye na kuchuma. Kibali cha mume si ridhaa ya mke. Aulizwe yeye mwenyewe, mahali anapoweza kusema bila kusikilizwa.

Tatu ni siri. Kuficha jina hakutoshi. Ripoti ikisema "mjane mmoja mwenye miche 800 jirani na daraja," kijiji kizima kimekwisha kumtambua.

Nne ni malipo. Ni haki kumfidia mtu aliyepoteza nusu siku ya palizi. Lakini fidia ikiwa kubwa kupita kiasi inageuka chambo, kama yale mazishi ya Alabama. Kiasi kiwe cha wastani na sawa kwa wote, naye anayeacha mahojiano katikati asinyimwe.

Tano ni uteuzi. Mtafiti aweza kulalamika kwamba wanaojitokeza wenyewe ni wale wenye mashamba mazuri, na hivyo picha inapotoka. Lalamiko hilo ni la haki. Dawa yake ni kupiga kura kwa namba za uanachama, kisha kila aliyeangukiwa na kura aombwe faraghani. Atakayekataa, jina lake lisipelekwe kwa kiongozi yeyote.

HATUA ZINAZOPENDEKEZWA

Kwa vyama vya msingi nchini Tanzania, utaratibu ufuatao utasaidia:

(a) Katibu aombe kuona kibali. Chombo cha kitaifa cha vibali vya utafiti ni Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986. Utafiti wa afya hupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1979. Mwanafunzi aje na barua ya chuo chake.

(b) Bodi ijadili ombi na kuandika katika muhtasari: nani anatafiti, anatafuta nini, nani analipia, na matokeo yatatumikaje.

(c) Daftari la wanachama na la madeni lisiazimwe wala kupigwa picha. Taarifa hizo ni za wanachama, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda.

(d) Tangazo lisomwe mkutanoni likieleza wazi kwamba kushiriki ni hiari, na kwamba anayekataa hatapoteza mbolea, mkopo wala malipo ya pili.

(e) Katibu akishamtambulisha mgeni, aage na kuondoka. Mahojiano yafanyike bila kiongozi kuwapo.

(f) Mtafiti aahidi kwa maandishi kuyaleta matokeo kwa Kiswahili mbele ya Mkutano Mkuu.

Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika mno. Wanachama wengi wamehojiwa, lakini wachache wamesomewa kilichopatikana. Mwaka 2017 jamii ya Wasan wa Afrika Kusini, waliotafitiwa kwa miaka mingi na wageni, walitangaza kanuni zao wenyewe wakidai heshima, ukweli, haki na kujaliwa. Hakuna kinachokizuia chama cha msingi kupitisha kanuni fupi za namna hiyo katika Mkutano Mkuu wake.

Mgeni na akaribishwe, kwa kuwa maarifa anayoyatafuta yaweza kuwafaa wengi. Lakini siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata hiyo iko mkononi mwa mwanachama. Akitaka atateka, asipotaka ataiweka chini, na msimu ujao apate mbolea yake kama wenzake.