Neno "Run" na Mbuzi Wawili wa Mama

Yako maneno ya Kiingereza ambayo kila mwanafunzi hudhani ameyamaliza tangu madarasa ya chini. Mojawapo ni "run". Mwalimu akiuliza maana yake, darasa zima hujibu kwa sauti moja, "Kukimbia!" Nami nilijibu hivyo hivyo, wala sikukosea. Lakini baadaye neno hilo lilimgharimu mama yangu mbuzi wawili. Nataka kulieleza hapa ili ninyi wadogo zangu mlio shuleni msije mkalipa bei hiyo.

Nilikuwa kidato cha pili. Ilikuwa likizo, nami niko nyumbani kwetu karibu na Arua. Kaka yangu alikuwa akifanya kazi Kampala. Siku moja ikaja barua ya Kiingereza kutoka hospitali. Mama akanipa akasema, "Soma, mwanangu, wewe ndiwe macho yetu." Barua ilisema kwamba kaka amelazwa, na kwamba alipofika alikuwa "badly run down". Nikafungua kamusi yangu ndogo, nikakuta kwamba "run down" ni kumgonga mtu kwa gari na kumwangusha. Nikasema, "Mama, kaka amegongwa vibaya na gari."

Sitaki kueleza kilio cha usiku ule. Kulipopambazuka mama aliuza mbuzi wawili waliowekwa kwa ajili ya karo yangu. Tukapanda basi, tukapita Pakwach na Karuma, tukafika Kampala usiku. Kesho yake tukamkuta kaka ameketi juani nje ya wodi, anakunywa uji. Hakuwa na jeraha hata moja. Alikuwa amefanya kazi miezi mingi bila kupumzika wala kula vizuri, akadhoofika mpaka akaanguka. Kudhoofika huko ndiyo maana ya pili ya "run down", nayo ilikuwa imeandikwa katika kamusi yangu, mstari uliofuata. Sikuusoma. Muhula ule niliingia shuleni nimechelewa wiki tatu.

Tangu hapo nimelifuatafuata neno hili. Watungaji wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia upya, mwaka 2011 ilielezwa kwamba kitenzi "run" peke yake kina maana 645. Katika chapa ya 1989 neno lililoongoza lilikuwa "set", lenye maana 430. Basi msishangae mkikwama.

Hata hivyo maana hizo si vurugu tupu. Ukizitazama vizuri zinashikana kama ndugu wa ukoo mmoja. Tangu zamani neno hili lilihusu mwendo wa viumbe wenye miguu na pia mwendo wa maji. Kwa hiyo mto "runs", bomba "runs", na mtoto mwenye mafua pua yake "runs". Sisi tungesema mto unatiririka, bomba linatoka maji, mtoto anatokwa na kamasi. Hata nguo mpya ikichuja rangi majini, Mwingereza husema rangi ime-"run".

Kisha zikaja mashine na reli. Waingereza hawakutunga neno jipya, walilitwika lile lile mzigo mwingine. Injini "runs", saa "runs", na basi la saa mbili nalo "runs". Kutoka hapo haikuwa mbali kufika kwa mtu anayekifanya kitu kiende: mwenye duka "runs a shop", na mkuu wa shule "runs a school". Hapo Kiswahili kimefanya jambo linalofanana, maana nasi tumetoa "kuendesha" katika "kwenda", tukaendesha gari, duka na mkutano.

Katika siasa utaona ajabu nyingine. Mmarekani anayegombea kiti husema "runs for office", lakini Mwingereza kwa desturi husema "stands for Parliament". Mmoja anakimbia, mwingine amesimama, na wote wawili wanatafuta kura!

Hatari kubwa zaidi imo katika vijineno vinavyofuata nyuma yake. "Run out" ni kuishiwa, kama vile sukari inapokwisha. "Run short" ni kupungukiwa. "Run into" ni kugonga ukuta, au kukutana na rafiki bila kutazamia. "Run over" ni gari kumkanyaga mtu, lakini mwalimu akikuambia u-"run over your notes", hakutumi ukayakanyage madaftari, anataka uyapitie upesi. Na "run down", adui yangu wa zamani, ni kugonga, ni kudhoofika, ni betri kwisha nguvu, na pia ni kumsema mtu vibaya.

Tusiwacheke Waingereza. Mgeni anayejifunza Kiswahili hukuta katika kamusi kwamba "piga" ni kumchapa mtu. Halafu asubuhi anasikia tunapiga mswaki, mchana tunapiga pasi na kupiga simu, jioni tunapiga picha, na usiku tunapiga magoti kusali. Akiishia mstari wa kwanza atadhani sisi ni watu wakali mno.

Basi nawashauri mambo matatu. Kwanza, msiandike neno moja moja katika madaftari yenu, andikeni sentensi nzima, kwa sababu neno hujulikana kwa jirani zake. Pili, mkifungua kamusi someni mpaka mwisho wa neno, kisha mjiulize ni maana ipi inayokubaliana na habari yenyewe. Barua ile haikutaja gari, wala barabara, wala mfupa uliovunjika, nami sikujiuliza kwa nini. Tatu, mkiwa na shaka semeni kwamba mna shaka. Palikuwa na mwalimu mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani kwetu. Niliona haya kumwendea, maana kijijini nilikwisha kujulikana kuwa bingwa wa Kiingereza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na anayewasomea wengine ana wajibu wa kuuliza kuliko wote, kwa maana wao hawawezi kumsahihisha.

Kaka alipona. Mshahara wake wa kwanza baada ya kurudi kazini ulimnunulia mama mbuzi mmoja. Yule wa pili, mama alisema, ni deni langu mimi na kamusi yangu.