Kukodi Pointi za Likizo kwa Mwenye Nazo: Lini Inajuzu na Lini Haijuzu

SWALI

Sisi ni aila ya watu sita, asili yetu Unguja, tunaishi Singida mjini kwa sababu ya kazi. Disemba, skuli zikifungwa, tuna harusi ya ndugu Mombasa, na tungependa watoto wapate siku tano za kupumzika baharini. Bei za hoteli msimu huo zimetushinda. Shemeji yetu anayeishi Uingereza ni mwanachama wa klabu ya likizo. Anazo pointi ambazo zitakufa mwisho wa mwaka asipozitumia. Anasema atatupatia nyumba ya vyumba viwili pwani ya Kenya kwa nusu ya bei, tumlipe yeye badala ya hoteli, ila anataka fedha zote mapema. Je, pointi ni mali ya kukodishwa? Na hakuna riba wala gharari ndani yake?

JIBU

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Maswahaba zake.

Ama baada ya hayo. Swali hili tumelipata kwa sura mbalimbali, kwa kuwa jamaa zetu wengi wako Ulaya, Marekani na Ghuba, na baadhi yao wamejiunga na klabu hizi. Jibu kwa ufupi: asili ya muamala huu ni halali, kwa sharti kwamba mnachokodi kiwe ni nyumba inayojulikana kwa siku zinazojulikana, na shemeji yenu awe ana haki ya kuikodisha. Pointi tupu, ambazo bado hazijawa chumba wala tarehe, msizilipie. Ufafanuzi ni kama ifuatavyo.

Pointi hizi ni kitu gani?

Muulizaji yuko Singida, nchi ya alizeti, basi tupige mfano wa huko huko. Ndugu watatu wamerithi mashine moja ya kukamua mafuta. Mashine haikatwi vipande vitatu, kwa hiyo wanakubaliana kuitumia kwa zamu, kila mmoja wiki yake. Wanavyuoni wanauita mpango huu muhaya'a, yaani washirika kugawana manufaa ya kitu kwa zamu. Baadhi yao wameutolea dalili kisa cha ngamia wa Nabii Swaleh ('alayhis-salaam), aliyekuwa na siku yake ya kunywa maji na watu wakawa na siku yao (Ash-Shu'araa, aya 155). Nyumba nyingi za urithi hapa visiwani huendeshwa hivi hivi.

Sasa chukulia kwamba ndugu hao wameona wiki hazilingani, maana wiki ya msimu wa mavuno ina thamani kuliko wiki ya masika. Wakaamua kila mmoja apewe vibati 100 kwa mwaka. Wiki ya mavuno itatozwa vibati 40, na wiki isiyo na kazi vibati 10. Hivyo vibati ndivyo pointi. Havikamui mafuta wala havina thamani kwa dhati yake. Ni kipimo tu cha haki ya kuitumia mashine.

Klabu za likizo zimejengwa juu ya msingi huo. Mpango ulianzia Ulaya katika miaka ya 1960. Kampuni ya Hapimag ya Uswisi iliasisiwa mwaka 1963. Mwaka 1974 ikaasisiwa Marekani kampuni ya RCI, ambayo kazi yake ni kuwawezesha wenye wiki sehemu moja kubadilishana na wenye wiki sehemu nyingine. Baadaye klabu nyingi zikaacha wiki za kudumu zikaingia kwenye pointi. Klabu ya likizo ya Disney, iliyoanza mwaka 1991, ni mfano unaojulikana.

Nasi Waislamu tunalo jambo hili karibu na Msikiti Mtukufu wa Makkah. Mnara wa Zamzam, katika majengo ya Abraj al-Bait, umejengwa juu ya ardhi ya waqfu wa Mfalme Abdulaziz. Waqfu hauuzwi. Kampuni ya Munshaat ya Kuwait ilikodi mnara huo kwa miaka 28, kisha ikauza hati za manufaa za miaka 24, ambapo mwenye hati anapata haki ya kukaa muda maalumu kila mwaka. Aliyenunua hakumiliki jengo. Amemiliki ukaaji.

Kwa nini huwa rahisi?

Mtu akiuziwa kitu kwa nusu ya bei ni haki yake kuuliza sababu. Hapa sababu ipo na inaeleweka. Mwanachama analipa ada ya matunzo kila mwaka, asafiri asisafiri, na pointi asizozitumia kwa kawaida hupotea baada ya muda wake. Kwa hiyo anaridhika kurudisha ada yake na kidogo juu yake.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mwanachama analipa ada ya shilingi 1,200,000 kwa mwaka na anapata pointi 100. Kila pointi imemgharimu shilingi 12,000. Nyumba ya vyumba viwili inatozwa pointi 10 kwa usiku, basi usiku mmoja umemgharimu shilingi 120,000. Akiikodisha kwa shilingi 150,000 amepata faida. Na ikiwa hoteli inaiuza nyumba hiyo kwa shilingi 300,000 kwa usiku, mpangaji kwa siku tano atalipa shilingi 750,000 badala ya 1,500,000. Tena nyumba hizi mara nyingi zina jiko, na aila ya watu sita inayojipikia huokoa fedha nyingine, na huwa na utulivu zaidi kuhusu chakula chake.

Hukumu yake

Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ililijadili suala hili katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007. Iliamua kuwa inajuzu kumiliki au kukodi sehemu ya namna hii, na kugawana matumizi yake kwa zamu, kwa kutimiza masharti ya kisharia ya uuzaji na ukodishaji. Ikaeleza kuwa matunzo ya msingi ya jengo yako juu ya mmiliki, na haikuona kizuizi katika washirika kubadilishana vipindi vyao.

Ama kwamba aliyekodi manufaa amkodishie mwengine, hilo linajuzu kwa wanavyuoni wengi, na katika madhehebu ya Imam Shafi'i anaweza kukodisha kwa kodi ile ile, zaidi au pungufu. Mahanafi wana sharti katika kile kinachozidi. Basi faida ya shemeji yenu haina ubaya kwa asili yake.

Imebaki mas-ala moja ambayo watu wa visiwani wanapaswa kuyajua. Kwa Mashafi'i, kukodisha kitu maalumu kwa muda ambao haujafika hakusihi kwa asiyekuwa mpangaji aliyemo, na kukodisha kitu kilichosifiwa tu kunataka fedha zilipwe katika kikao cha mkataba. Jamhuri ya wanavyuoni wameruhusu kukodi leo kwa ajili ya muda ujao, na ndivyo watu wanavyofanya leo katika hoteli, nyumba na usafiri. Kwa kuwa haja ya watu ni kubwa, hatuoni ubaya kuifuata kauli hiyo. Lakini kauli hiyo inaruhusu muda ujao unaojulikana. Haimruhusu mtu kulipia jambo lisilojulikana, kwani Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) amekataza biashara ya gharari, kama ilivyothibiti katika Sahihi Muslim.

Masharti ya kutazamwa

1. Haki ya kukodisha. Hili ndilo la kwanza na ndilo linalosahauliwa. Muulizeni shemeji yenu: nyumba hiyo ya pwani ya Kenya ni ya klabu yako, au umeipata kwa kubadilishana kupitia kampuni nyingine? Klabu nyingi zinamruhusu mwanachama kukodisha nafasi aliyoiweka katika majengo ya klabu yake, ingawa hazimruhusu kuifanya biashara ya kudumu. Lakini kampuni za kubadilishana, ikiwemo RCI, zinakataza nafasi iliyopatikana kwa kubadilishana kukodishwa. Zinaruhusu kumpa mgeni, baada ya kuombewa hati ya mgeni, si kumuuzia. Turudi kwenye mashine yetu: ndugu watatu wakiwekeana sharti kwamba mtu wa nje haruhusiwi, mwenye wiki hana haki ya kumkodishia jirani. Waislamu wanafungwa na masharti waliyoyakubali maadamu hayahalalishi haramu wala hayaharamishi halali, na Allah ametuamrisha kutimiza mikataba (Al-Maaidah, aya 1). Na hasara ya dunia ipo pia: kampuni ikigundua inaweza kufuta nafasi, nanyi mkafika mlangoni na watoto na mabegi mkaambiwa hamna chumba.

Ikiwa ni nafasi ya kubadilishana, shemeji anaweza kuwapa hiba kwa njia ambayo kampuni inairuhusu. Lakini msiandike hiba huku fedha zinapita chini ya meza. Hiyo ni hila na ni uongo.

2. Kuondoa ujinga. Ijulikane ni jengo gani, nyumba ya aina gani, inachukua watu wangapi, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na kodi yote ni kiasi gani. Muulize pia kama kuna malipo mengine mlangoni, kama usafi, umeme au kodi za serikali.

3. Riba. Kama shemeji aliinunua klabu kwa mkopo wa riba, dhambi hiyo ni yake na anapaswa kunasihiwa. Haiharamishi kodi yenu, kwa sababu nyinyi mnanunua ukaaji na hamkuingia katika mkopo wake. Lakini mkataba wenu usiwe na faini ya kuongezeka kwa kuchelewa kulipa, na msikope kwa riba ili mwende likizo.

4. Mahali penyewe. Ukodishaji wa kitu halali kwa ajili ya maasi haujuzu. Nyinyi mnakusudia kulala na kupumzika, na hilo ni halali. Hata hivyo chagueni nyumba yenye faragha, mbali na baa na sehemu za mchanganyiko, mpate kuhifadhi sala na sitara ya watu wenu.

Fedha zote mapema?

Hapa ndipo aila nyingi hupoteza fedha zao, hata baina ya jamaa. Tunashauri muamala ugawanywe sehemu mbili. Kwanza iwe ahadi tu, bila fedha: shemeji aseme nitawawekea, nanyi mseme tutaichukua. Kisha aweke nafasi kwa jina la baba au mama wa aila. Mkishapata namba ya uthibitisho, pigeni simu wenyewe hotelini, kwa namba mliyoitafuta wenyewe na si mliyopewa, muulize kama jina lenu limo na kwa tarehe zipi. Likithibiti, hapo fungeni mkataba na mlipe. Kwa njia hii mnalipia nyumba yenye jina lenu, na gharari inaondoka. Naye shemeji halazimiki kuwa na khofu, kwa sababu msipolipa anaweza kufuta nafasi.

Akitaka arubuni ya kuonesha nia, Majmaa iliijuzisha mwaka 1993 kwa kuwekewa muda maalumu, ingawa wanavyuoni wengi wa zamani, wakiwemo Mashafi'i, hawakuikubali. Kuiacha ni bora kwa aliye na njia nyingine.

Andikianeni, hata kama ni mtu wa nyumbani. Allah ametuagiza kuandika deni katika aya ya 282 ya Suratul-Baqarah, na maandishi hulinda udugu kuliko aibu ya kudaiana. Ujumbe wa simu uliohifadhiwa, wenye majina, tarehe na kiasi, unatosha kuanzia. Elezeni humo mambo mawili:

Kwanza, ikiwa nyumba itakosekana kwa sababu isiyotoka kwenu, kama hoteli kufungwa au nafasi kufutwa, fedha zinarudi, kwa kuwa kodi ni badali ya manufaa, na manufaa hayakupatikana. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, ugomvi mwingi ulitokea kwa sababu jambo hili halikuandikwa.

Pili, ikiwa nyinyi ndio mtakaoshindwa kusafiri huku nyumba ipo, basi kodi ni haki ya mwenye kukodisha, kwa kuwa ijara ni mkataba unaofunga pande mbili. Akikubali kuuvunja na kurudisha fedha, hilo ni fadhila yake na ana malipo kwa Allah.

Hitimisho

Muulizeni shemeji yenu lile swali la kwanza kabla ya jingine lolote, na mtake akuoneshe kanuni za klabu kwa maandishi. Ikiwa klabu inamruhusu, wekeni nafasi kwa jina lenu, thibitisheni, kisha mlipe, na Allah awabarikie safari yenu. Ikiwa haimruhusu, basi mshukuruni kwa nia yake na mtafute njia nyingine. Mombasa zipo nyumba za kupanga kwa siku kutoka kwa wenyewe, na mkishirikiana na ndugu wengine wa harusini gharama itashuka. Nafuu ya bei ni neema, lakini haiwi neema ikiwa imepatikana kwa kuvunja sharti la mtu, wala haina faida ikimalizika kwa shemeji na shemeji kutosalimiana.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.