NENO "MASAFA" KATIKA GARI LA UMEME

Neno moja likibeba maana mbili katika kitabu kimoja cha mwongozo, msomaji hupotea. Hatari hiyo imo katika kufasiri maelezo ya magari ya umeme, kama vile Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Japani na Marekani mwaka 2010.

Dashibodi ya gari hilo humwonyesha dereva umbali ambao chaji iliyobaki yaweza kumfikisha. Mfasiri huvutika kuuita "masafa". Lakini gari hilohilo lina redio, na kwa wasikilizaji wa redio neno hilo limekwisha kuzoeleka: masafa ya kati, masafa mafupi. Dereva akisoma onyo la "masafa mafupi", aweza kudhani kuwa ni habari za redio, kumbe betri inakwisha.

Kwa hiyo tunapendekeza "masafa" yaachiwe redio, na umbali wa betri uitwe "makadirio ya umbali". Neno "makadirio" lisidondoshwe. Kikokotozi cha safari hulinganisha chaji iliyobaki na matumizi ya karibuni. Kwa mfano, chaji ya kilowati-saa 20, ikitumika kilowati-saa 16 kwa kila kilomita 100, itatosha kilomita 125. Gari likipanda mlima, au kiyoyozi kikiwashwa, umbali huo hupungua.

Hesabu hiyo, basi, si ahadi. Mfasiri asipolibainisha jambo hilo, atakayekwama njiani ni dereva.