Kifungo Kidogo, Hasara Kubwa

Nilipata kusafiri kwa matatu kutoka Bungoma hadi Kitale, mkobani mna kinasa sauti chenye masimulizi ya mzee mmoja Mbukusu. Kanda nilikuwa nimeirudisha mwanzo ili niisikilize. Sikukisukuma kile kiswichi kidogo cha kufunga vibonyezo, wala sikuvunja kijino cha plastiki mgongoni mwa kanda, kinga iliyowekwa ili isinaswe tena. Vitabu vikabonyeza, kinasa kikanasa. Kitale nilisikia ngurumo ya gari tu. Nilipomrudia mzee, alikwisha kuzikwa.

Kiswahili kilitutanguliza: kifungo hufunga shati, na kifungo humzuia mhalifu. Vyote vyatokana na kitenzi ‘funga’, na maana yavyo ni ulinzi. Hata iPod ya mwaka 2001 ilikuwa na kiswichi hicho utosini.

Leo wanafunzi wetu hunasa kwa simu, na simu haina kijino cha kuvunjwa. Walimu, wafundisheni kufunga kioo, na kunakili kazi mahali pa pili siku iyo hiyo. Kanda hununuliwa tena. Mzee hauzwi dukani.