Je, Univerisite Inaweza Kutufuata Mpaka Kasongo?

Kila mwaka matokeo ya Egzame ya Serikali yakitoka, furaha inakaa siku mbili tatu, kisha swali moja linabaki ndani ya nyumba: sasa huyu mtoto ataenda wapi? Kindu ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara, na ile barabara mnaijua wenyewe. Kwa wenzetu wa Kabambare safari ni ndefu zaidi. Halafu kuna nyumba ya kupanga, minervali, silabusi na chakula. Papa anahesabu magunia ya mpunga, anaona hayatoshi kwa watoto wawili. Mara nyingi ni binti ndiye anaambiwa, «Wewe ngoja kwanza.»

Ndiyo sababu tunataka kueleza kidogo juu ya masomo ya mbali, maana siku hizi wengi wanayasema, lakini wachache wanajua namna yanavyofanyika.

Jambo lenyewe si jipya. Univerisite ya Afrika ya Kusini, inayoitwa UNISA, ilianza kufundisha kwa barua mwaka 1946. Mwalimu aliandika somo, posta ikalipeleka, mwanafunzi akajibu kwa karatasi na kuirudisha. Nelson Mandela alipata diploma yake ya sheria kwa UNISA mwaka 1989, naye alikuwa bado kifungoni! Leo ile univerisite ina wanafunzi zaidi ya 300,000. Uingereza walifungua Open University mwaka 1969, wakatumia redio na televisheni. Kwa jirani zetu Watanzania, sheria ya Chuo Kikuu Huria ilitoka 1992, na wanafunzi wa kwanza waliingia 1994. Chuo kile kina vituo katika mikoa, hata Kigoma, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mtu anasomea kwao, anaendelea na kazi yake, anakutana na walimu na kufanya mitihani kituoni. Lakini tusijidanganye: masomo yake mengi ni kwa Kiingereza, na sisi tumesomeshwa kwa Kifaransa.

Hata makanisa yanaijua njia hii. Mwaka 1963 seminari moja ya Wapresbiteri kule Guatemala iliona kwamba wachungaji wengi hawawezi kuacha mashamba na jamaa zao. Basi badala ya kuwaita, walimu waliwafuata: kitabu cha kujifunza nyumbani, na mkutano wa mara kwa mara pamoja na mwalimu. Mpango ule ulienea mpaka Afrika. Mwaka ule ule wa 1963 Waprotestanti walifungua Univerisite Huru ya Kongo kule Kisangani, na hiyo ilikuwa ya namna ile nyingine: unafunga sanduku, unaenda.

Katika inchi yetu watu walishtuka mwaka 2020. Mwezi wa tatu masomo yote yalifungwa kwa sababu ya Korona. Radio Okapi ikatangaza masomo hewani. Wenye telefone nzuri na umeme waliendelea kidogo. Wengine walikaa tu. Hapo tuliona kwamba mashini peke yake haileti usawa. Inaweza hata kuongeza tofauti.

Sasa tuhesabu, maana hapa ndipo watu wengi wanakosea. Wanafikiri masomo ya mbali ni lazima kumwona profesa kwenye telefone. Somo la video la saa moja, hata lenye picha hafifu, linaweza kula mega 225. Saa ile ile kwa sauti tu, mega 14 au 15. Na silabusi ya kurasa mia, maandishi matupu bila picha, haifiki mega moja. Maana yake, kwa bei ya saa moja ya video unaweza kusikiliza masomo kumi na tano, au kupata silabusi zaidi ya mia mbili! Kwa mahali kama petu, ambapo rezo inakuja na kwenda, chuo kinachotaka video kila siku hakikutufikiria. Kinachotuma maandishi na sauti, huyo ndiye rafiki.

Tena kuna njia ya kusoma bila rezo kabisa. Programu moja inaitwa Kiwix, imeanza 2007. Inaweka Wikipedia nzima, ya Kifaransa au ya Kiswahili, ndani ya kadi ndogo ya telefone. Mtu mmoja akiipakua mjini, anaweza kuileta juu ya kinga au pikipiki, na shule nzima ikanakili. Mwaka 2025 Serikali iliruhusu pia Starlink, intaneti ya kutoka satelaiti. Ni jambo zuri, lakini inahitaji chombo chake, malipo ya kila mwezi, na paneli ya jua mahali pasipo umeme. Mtu mmoja hawezi; shule au parokia ingeweza.

Je, sheria ya masomo inasemaje? Tangu mwaka 2021-2022 univerisite zetu zinafuata mpango wa LMD. Licence ni kredi 180, yaani 60 kwa mwaka, na katika kila kredi wanahesabu pia saa ambazo mwanafunzi anajifunza peke yake. Kwa hiyo saa zile za peke yake zingeweza kufanyika hapa hapa. Si zote, hapana. Udaktari bila hospitali haiwezekani, na kemia bila laboratware ni hadithi.

Kuna hatari mbili tunawaambia wakubwa wetu wanaomaliza. Ya kwanza ni upweke: wanaosoma mbali wanaacha njiani kuliko wale walio katika oditware, kwa sababu hakuna wa kuwauliza, «Jana ulikuwa wapi?» Ya pili ni wadanganyifu. Mtu akikutumia ujumbe kwamba chuo fulani kinatoa diploma kwa miezi sita, usitume hata franka moja kabla ya kuuliza kama Wizara inakitambua, na mitihani inafanyikia wapi.

Neno hili la mitihani ndilo sisi tunaona ni fundo lenyewe. Telefone ziko, kadi ziko, hata walimu wenye licence wako hapa Kasongo. Kituo cha kufanyia mtihani, chenye msimamizi na muhuri, ndicho kinachomfanya binti wa Kabambare afunge safari ya siku nyingi, ama akate tamaa. Tungependa kusikia walimu wetu wanafikiri nini: je, darasa moja la shule yetu lingeweza kutumika kwa kazi hiyo wakati wa likizo? Majibu yaandikwe na kuletwa kwa karani wa gazeti, tutayapiga katika namba inayofuata.