Pua Iliyoziba Upande Mmoja Isidharauliwe



Mafua ya kawaida huisha baada ya wiki moja au mbili. Lakini pua ikiziba upande mmoja tu kwa zaidi ya mwezi, na damu ikitoka upande huo huo, tusiseme ni mafua. Mara nyingi huwa ni nyama za puani, nazo hutibika. Mara chache sana huwa ni saratani inayoota juu kabisa ndani ya pua, penye mishipa ya fahamu ya kunusa. Madaktari wa Ufaransa waliieleza mara ya kwanza mwaka 1924.

Kwa nini ni ya hatari?
Dari ya pua ndiyo sakafu ya ubongo. Katikati kuna mfupa mwembamba wenye matundu kama chujio. Uvimbe ukiupenya huingia kwenye ubongo. Ukienda pembeni husukuma jicho.

Dalili nyingine
1. Kutosikia harufu.
2. Jicho kutokeza nje, au kuona vitu viwili viwili.
3. Kuumwa kichwa kusikokoma.

Hutibiwaje?
Mgonjwa hupigwa picha ya CT au MRI, na kipande cha uvimbe hupimwa. Kisha daktari wa pua na daktari wa ubongo humpasua kwa pamoja, kwa kufungua fuvu au kwa kupitia puani. Wakishaondoa uvimbe, huziba tundu kwa nyama ya mgonjwa mwenyewe. Mara nyingi hufuata mionzi, ambayo hutolewa Bugando, Mwanza, na Ocean Road, Dar es Salaam.

Akirudi nyumbani asipenge kamasi kwa nguvu mpaka daktari amruhusu. Maji meupe yakichuruzika puani, au akipata homa na shingo kukakamaa, arudishwe hospitali mara moja. Asiache kliniki hata akijisikia mzima, maana uvimbe huu huweza kurudi hata baada ya miaka 10.

Ndugu zetu wa Karagwe na Kyerwa, safari ya Mwanza ni ndefu na ina gharama. Hata hivyo tusingoje mpaka kahawa iuzwe, wala tusitie dawa za majani puani. Anzeni zahanati au hospitali iliyo karibu, mwombe barua ya rufaa. Jumuiya Ndogo Ndogo zimchangie mgonjwa nauli mapema. Uvimbe ambao haujafika kwenye ubongo huondolewa kwa urahisi zaidi.