LIKIZO SI HISANI: MFANO WA MUME NA MKE WA JUBA

Ukimwuliza mfanyakazi wa kiwandani au wa shambani aliitumiaje likizo yake ya mwaka jana, mara nyingi utapata moja ya majibu matatu. Wa kwanza atasema aliiuza kwa tajiri akapewa fedha. Wa pili atasema alikaa nyumbani akihangaika na madeni mpaka siku zikaisha. Wa tatu atakuambia hajui hata ana siku ngapi. Tunaandika kwa ajili ya wote watatu, ili tueleze likizo ni nini, huhesabiwaje, na mume na mke wanaofanya kazi wanaweza kuipangaje iwafae wao na watoto wao.

Mfano wetu tumeutoa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, kwa sababu huko jambo hili linaonekana wazi kuliko mahali pengi. Nchi hiyo ilipata uhuru tarehe 9 Julai 1911? La, si zamani hivyo: ni tarehe 9 Julai 2011, na wengi wetu tunaikumbuka siku ile. Lakini vita vilizuka Desemba 2013, na mapigano yakarudi mjini Juba Julai 2016. Watu wengi walivuka mpaka kuingia Uganda. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Septemba 2018, na baadhi ya watu wakarudi kutafuta kazi, lakini waliwaacha wazee na watoto upande wa pili, ambako shule zilikuwa zimekwisha kuanza. Hivyo zipo jamaa nyingi ambazo baba, au baba na mama, wako Juba, na watoto wako Uganda pamoja na bibi yao.

WATU WAWILI, MISHAHARA MIWILI

Tuchukue mume na mke vijana. Hatuwapi majina kwa kuwa ni mfano tu, lakini wa namna yao ni wengi. Mume ni mchomeleaji katika karakana. Alisoma katika kambi ya Kakuma, Kenya, na ndiko alikojifunza Kiswahili. Mke anafanya kazi katika kiwanda cha kujaza maji kwenye chupa. Mtoto wao wa miaka saba yuko kwa bibi yake mzaa mama, katika makazi ya wakimbizi wilayani Adjumani, kaskazini ya Uganda.

Maisha yao ya kila siku si mageni kwako. Mke huamka kabla ya mapambazuko kuwasha mkaa. Maji ya nyumbani hununuliwa kwa lori linaloteka mto Nile, yakawekwa katika pipa, na pipa likikauka siku lori halikupita, siku hiyo ni ya taabu. Mume hupanda bodaboda kwenda karakana. Jioni mke hupitia soko la Konyokonyo. Bei za huko hutegemea sana malori yanayotoka Uganda. Yakichelewa mpakani, unga na nyanya hupanda. Wanafanya kazi siku sita kwa juma. Jumapili ni kanisa na kufua nguo. Usiku wanampigia mtoto simu, na siku moja mtoto akamwita bibi yake "mama", na mama yake mzazi akamwita kwa jina.

Ndipo walipoanza kuzungumza habari za likizo. Mume alikuwa ameuza likizo yake miaka miwili mfululizo. Mke alikuwa amepewa yake mwezi wa Mei, mume akiwa kazini. Walikuwa na haki ya likizo wote wawili, lakini kwa miaka miwili hawakuwa wamepumzika pamoja hata siku moja zaidi ya Jumapili.

LIKIZO ILITOKA WAPI

Yafaa ikumbukwe kwamba likizo yenye malipo haikuletwa na huruma ya matajiri. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika wakati wa ukoloni, mtu alifanya kazi kwa kipande cha siku 30. Siku ambayo hakufika shambani haikuandikwa, na isiyoandikwa haikulipwa. Nchini Ufaransa, wafanyakazi walipata majuma mawili ya likizo yenye malipo mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa iliyofunga viwanda. Mwaka huo huo Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza wa likizo ya mwaka, ambao kiwango chake kilikuwa siku sita tu za kazi. Mwaka 1970 likapitisha mwingine, wenye majuma matatu. Kwa hiyo ile ambayo wazee wetu mashambani waliiita "livu" ni haki iliyopiganiwa, na ni sehemu ya mshahara. Tofauti ni kwamba sehemu hii hulipwa kwa siku.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Kazi ya Sudan Kusini ya mwaka 2017 inampa mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja siku 21 za kazi za likizo yenye malipo. Akipita miaka mitatu anapata siku 25, na akipita miaka 15 anapata siku 30.

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa siku zisizopungua 21 za kazi kwa kila miezi 12. Nchini Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inatoa siku saba kwa kila miezi minne, yaani siku 21 kwa mwaka. Nchini Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 28 zinazofuatana.

Hapa wengi hupotea, kwa hiyo tueleze taratibu. Siku za kazi si sawa na siku zinazofuatana. Siku 28 za Tanzania huhesabiwa moja kwa moja, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Lakini siku 21 za kazi hazihesabu siku ya mapumziko ya juma. Mtu anayefanya kazi siku sita kwa juma, siku zake 21 ni majuma matatu na nusu. Anayefanya kazi siku tano, ni majuma manne na siku moja. Na Krismasi ikiangukia humo, si siku ya kazi, kwa hiyo isikatwe. Karani akikuandikia kwamba umemaliza siku 21 baada ya majuma matatu kamili, muulize kwa upole alivyohesabu, nawe uwe na kalenda mkononi.

KWA NINI USIIUZE

Yule mume alisema: "Fedha ni fedha. Nikikaa nyumbani napata nini?" Tumjibu kwa mambo yaliyotokea katika mji wake mwenyewe.

Mpaka Desemba 2015 bei ya serikali ilikuwa karibu paundi tatu za Sudan Kusini kwa dola moja ya Marekani. Mwezi huo serikali iliacha soko lipange bei, na mara moja dola ikafika paundi 18 na zaidi. Miaka iliyofuata paundi ikaendelea kushuka. Aliyeuza likizo na kuweka paundi zake ndani ya sanduku alikuta siku zake za jasho zimekuwa karatasi. Lakini siku aliyokaa na mtoto wake haishuki thamani.

Tena kuna hatari ya kulimbikiza. Kiwanda cha bia kilichofunguliwa Juba mwaka 2009 kilisimamisha utengenezaji mwaka 2016 kwa kukosa fedha za kigeni. Kiwanda chochote chaweza kufika hapo. Siku za likizo ambazo hukuchukua ni deni la mwajiri kwako, na deni lisilo na maandishi ni vigumu kulidai siku milango inapofungwa. Andika mwenyewe katika daftari: tarehe uliyoanza kazi, siku ulizopewa, siku zilizobaki.

NAMNA WALIVYOOMBA

Baada ya kushauriana na wenzao kazini, mume na mke walifanya mambo manne.

Kwanza, walichagua mwezi pamoja. Wakachagua Desemba, kwa sababu shule za Uganda huwa zimefunga kwa likizo ndefu, na mvua kubwa huwa zimekwisha.

Pili, waliomba mapema, mwezi wa Agosti, kabla mkubwa wa kazi hajapanga zamu. Mwajiri ana haki ya kuangalia kazi yake isisimame, na watu wote hawawezi kutoka siku moja. Anayeomba mapema ndiye anayempa nafasi ya kupanga.

Tatu, waliomba kwa maandishi, kila mmoja mahali pake pa kazi, na kila mmoja akabaki na nakala yenye sahihi ya aliyepokea. Maneno ya mdomo husahauliwa Desemba ikifika.

Nne, kila mmoja aliomba alipwe fedha za likizo kabla ya kuondoka. Mishahara ya Juba huchelewa mara nyingi, na msafiri hawezi kulipa nauli kwa ahadi.

Mume alijibiwa kwamba angepewa majuma mawili tu, na siku zilizosalia baada ya Pasaka. Hakugombana. Alimwendea mwakilishi wa wafanyakazi, wakakaa na msimamizi, wakakubaliana majuma mawili ya mfululizo Desemba na zilizobaki kuandikwa tarehe zake. Mapatano ya namna hii si kushindwa. Sheria ya Kenya nayo huruhusu likizo kugawanywa mfanyakazi akikubali, ila sehemu moja iwe angalau majuma mawili mfululizo. Lililo baya ni siku kupotea bila tarehe.

SAFARI NA FEDHA ZAKE

Kutoka Juba hadi Nimule ni kilomita 192 za lami, barabara iliyokamilika mwaka 2012. Kabla ya hapo ilikuwa safari ya vumbi na matope. Ukivuka mpaka unafika Elegu, na Adjumani si mbali tena. Hata hivyo barabara hiyo imewahi kushambuliwa na watu wenye silaha, kwa hiyo msafiri mwenye busara huuliza madereva hali ilivyo, na husafiri mchana. Hati za safari ziwe tayari, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisisahauliwe.

Fedha zao walizigawa mafungu manne. Fungu la kwanza ni nauli ya kwenda na kurudi, na ile ya kurudi ilifungwa kwenye kitambaa, isiguswe hata kwa msiba. Fungu la pili ni ada na sare za mtoto. La tatu ni chakula cha siku watakazokaa, kwa kuwa bibi anayelea mjukuu kwa posho ya kambi hawezi kulisha wageni wawili zaidi. La nne ni zawadi, nalo lilikuwa dogo kuliko yote.

Hapa tuseme ukweli. Wafanyakazi wengi huiogopa likizo kwa sababu ya zawadi. Jamaa hufikiri anayetoka mjini ana fedha, naye huona haya kusema hana, hukopa, na hurudi kazini na deni la miezi sita. Wenzetu hawa walimwambia bibi kwa simu mapema: "Mama, tunakuja na sukari, sabuni na mikono yetu." Na mikono ilifanya kazi. Mume aliezeka upya jiko la bibi, kazi ambayo kuilipia kungekuwa ghali kuliko zawadi yoyote.

LIKIZO YA NANI?

Jambo la mwisho linawahusu wanaume. Siku tatu za kwanza mume alilala mpaka jua kali. Mke aliamka kama kawaida, akateka maji, akapika, akafua nguo za safari. Siku ya nne bibi akauliza: "Mwanangu, hivi nani kati yenu aliyepewa likizo?"

Swali hilo tulipeleke katika nyumba zetu. Mwanamke wa kiwandani ana kazi mbili, na tajiri humpa likizo ya moja tu. Ya pili ni sisi waume tunaoweza kumpunguzia. Tangu siku hiyo mume alikwenda bombani na mtoto asubuhi, na huko njiani ndiko walikozoeana. Siku ya kuondoka, mtoto alimwita mama yake "mama" mbele ya bibi, na bibi hakukasirika.

Ndugu mfanyakazi, hukuzaliwa ili uwe sehemu ya mashine. Leo, kabla hujalala, fanya mambo mawili. Hesabu siku zako za likizo ulizobakiza. Kisha kaa na mwenzako mkachague mwezi. Ukikuta hesabu yako na ya karani hazilingani, mwone mwakilishi wako wa chama. Kazi yake ni hiyo.